Bei ya Gemu ya Bure: Uharamia, Mauzo na Jasho la Watengenezaji wa Michezo ya Video



Nimekuja na diski mfukoni. Imekwaruzika, haina jalada, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya wino mzito neno moja: WINNING. Wa rika langu hamhitaji maelezo. Ni Winning Eleven, gemu ya kandanda ya kampuni ya Konami ya Japani, iliyochomwa kwenye diski tupu na kuchezwa kwenye PlayStation 2 iliyotiwa chipu. Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, chenye benchi moja, televisheni ya chogo na pedi mbili. Pedi ya kushoto kitufe chake cha shuti kilikuwa kimelegea, kwa hiyo tuligombea ya kulia. Sheria ilikuwa moja: anayefungwa anatoka, mshindi anabaki, na kila anayeingia anaweka sarafu yake mezani kwanza.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba tulikulia kwenye gemu za bure. Nilipokaa kuandaa mhadhara huu nikaanza kuzihesabu zile sarafu, nikaona kwamba nimekuwa nikisema uongo bila kukusudia. Tulilipa kila mechi. Mwenye kibanda alipata chake. Fundi aliyefungua mashine na kutia chipu alipata chake. Aliyechoma diski alipata chake, na aliyemuuzia diski tupu pia. Mwenye pango alipata kodi, na umeme wa luku ulinunuliwa. Fedha ilipita mikono mitano au sita, na kila mkono ukabakiwa na kitu. Ni mkono mmoja tu ambao haukuguswa na senti: wa yule aliyekesha akitafuta namna mpira udunde vizuri kwenye nyasi zilizolowa mvua.

Hoja yangu ya leo inatoka hapo. Uharamia huichukua bei ya gemu na kuihamishia kwa watu wengine, na mara nyingi anayebaki mikono mitupu ni yule ambaye bila yeye gemu isingekuwepo. Tukilielewa hilo, tutapunguza kuuliza nakala ngapi zimeibwa, tuulize jambo lenye faida zaidi: fedha ambayo watu tayari wanaitoa, itamfikiaje mtunzi?

Samaki wa alfajiri

Tuanze na namna gemu inavyomlipa aliyeitengeneza. Fedha hutoka kwa mwaka mmoja, miwili, hata mitano kabla shilingi ya kwanza haijarudi. Kuna mishahara ya watunga programu, wachoraji, watunzi wa muziki, na wale wanaocheza gemu mchana kutwa wakitafuta kasoro. Kisha siku ya kuitoa inafika, na mauzo hayajigawi sawasawa mwaka mzima. Ni kama samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam. Alfajiri samaki ana bei yake. Saa sita mchana mnunuzi anataka apunguziwe. Jioni muuzaji anatafuta barafu. Gemu nayo huuzwa kwa bei kamili katika wiki za mwanzo, kisha punguzo huanza.

Watengenezaji wa Insomniac Games wa California walilijua hilo walipokuwa wakiandaa Spyro: Year of the Dragon ya PlayStation, iliyotoka mwaka 2000. Hesabu yao ilikuwa kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya mauzo ya gemu huja katika miezi miwili ya mwanzo. Hawakuota kuwazuia maharamia milele. Walitia ndani ya programu mitego midogo inayolindana: ukiutegua mmoja, mwingine unagundua. Aliyecheza nakala iliyovunjwa nusunusu aliona lugha ikibadilika yenyewe, vitu alivyokwisha kukusanya vikipotea, na alipoukaribia mwisho akajikuta amerudishwa mwanzo wa safari. Maharamia walihitaji zaidi ya miezi miwili kutoa nakala safi. Kwa watengenezaji huo ulikuwa ushindi kamili, maana samaki walikuwa wameshauzwa wakiwa wabichi.

Kumbukeni mfano huu. Katika biashara ya gemu, wizi wa wiki ya kwanza na wizi wa mwaka wa tatu ni vitu viwili tofauti.

Madaftari mawili yanayogombana

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika suala hili shida ni kwamba kila upande una daftari lake, na yote mawili yana makosa.

Daftari la kwanza ni la kampuni. Huandikwa hivi: nakala milioni 1 zimepakuliwa kwa wizi, bei ni dola 60, basi tumeibiwa dola milioni 60. Hesabu hiyo haisimami. Mwanafunzi aliyepakua gemu kumi kwa kifurushi cha usiku hakuwa na dola 600 ambazo angezipeleka dukani asubuhi. Mwaka 2008 Russell Carroll, aliyekuwa kwenye kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Reflexive, alieleza kwamba kati ya watu waliokuwa wakicheza gemu yao ya Ricochet Infinity, asilimia 92 walikuwa na nakala za wizi. Kampuni ikaanza kuziba matundu moja baada ya jingine, huku ikipima mauzo. Hitimisho lao lilikuwa kwamba kila nakala 1,000 za wizi zilizozuiwa zilileta mauzo ya nakala 1 hivi. Kati ya watu elfu, mteja aliyepotea alikuwa mmoja.

Daftari la pili ni letu sisi wachezaji. Tunasema: tusingenunua hata hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Nalo halisimami. Mwaka 2024 mtafiti William Volckmann alichapisha uchunguzi wa gemu 86 zilizolindwa na Denuvo, kufuli la kidijitali lenye asili yake Austria, na zilizouzwa kwenye duka la Steam kati ya 2014 na 2022. Baadhi ya makufuli hayo yalivunjwa mapema, mengine yalichelewa, na tofauti hiyo ilimpa nafasi ya kupima. Pale kufuli lilipovunjwa katika wiki ya kwanza, mapato yalipungua kwa takriban asilimia 20 kwa wastani. Pale lilipodumu wiki 12, hasara ilikaribia sifuri.

Kati ya madaftari haya mawili ipo ripoti ambayo Tume ya Ulaya iliiagiza kutoka kampuni ya Ecorys, ikakamilika mwaka 2015 na kujulikana kwa umma mwaka 2017 baada ya mbunge wa Bunge la Ulaya, Julia Reda, kuidai. Waliwahoji watu wapatao 30,000 katika nchi sita. Kwa filamu mpya zinazovuma, walikadiria kwamba kila kumi zilizotazamwa kwa wizi ziliondoa nne ambazo zingetazamwa kihalali. Kwa gemu hawakuona upungufu wa namna hiyo. Makadirio yao yalielekea hata upande wa pili, kwamba anayeonja kwa wizi huishia kununua, ingawa wao wenyewe walikiri kwamba kiwango cha makosa katika makadirio hayo ni kikubwa.

Je, matokeo haya yanapingana? Sidhani. Tunaposema "haramia" tunawafunga watu watatu kwa kamba moja. Yupo asiye na uwezo kabisa. Huyo hakuwahi kuwa mteja. Yupo anayeonja kwanza, na akipenda hununua. Na yupo mwenye fedha ambaye amesimama mlangoni siku gemu inapotoka, akisubiri saa chache aone kama nakala ya bure itapatikana; isipopatikana, analipa. Huyu wa tatu ndiye anayeumiza, na wiki ya kwanza ndiyo saa yake. Anayewahesabu wote watatu kuwa wezi wa dola 60 anakosea, na anayewasamehe wote watatu anakosea vilevile.

Nakala 214

Sasa tutoke kwenye wastani tuingie nyumbani kwa watu wawili.

Patrick na Daniel Klug ni ndugu. Walianzisha kampuni ndogo iitwayo Greenheart Games nchini Australia, na mwezi Aprili 2013 wakaanza kuuza kwenye duka lao wenyewe gemu yao ya kwanza, Game Dev Tycoon. Ndani yake mchezaji anaanzisha kampuni ya gemu katika gereji, anabuni, anaajiri, anauza, anakua. Bei ilikuwa takriban dola 8. Kufuli hawakuweka.

Walijua itaibwa, wakaamua kuitoa wao wenyewe kwenye mitandao ya wizi dakika chache baada ya kuiweka dukani. Nakala hiyo ilifanana na halali isipokuwa kwa jambo moja. Mchezaji akishaendelea kwa muda na kampuni yake ikaanza kustawi, alipata ujumbe kwamba watu wengi wanaiba gemu zake badala ya kununua. Mapato yakapungua mwezi hadi mwezi. Hata gemu nzuri iliyosifiwa na wahakiki haikurudisha gharama. Mwishowe kampuni ikafilisika, kila mara, bila njia ya kutokea.

Baada ya siku ya kwanza ndugu hao walihesabu. Waliocheza nakala ya wizi walikuwa 3,104. Walionunua walikuwa 214.

Zidisheni 214 kwa dola 8. Haifiki dola 1,720, kabla ya makato na kodi, kwa kazi ya watu wawili ya zaidi ya mwaka mmoja. Wakati huohuo wachezaji wa nakala ya wizi walianza kuomba msaada hadharani. Mmoja aliuliza kama ndani ya gemu kuna namna ya kutafiti kufuli la kuzuia wizi, kwa sababu maharamia wanamfilisi. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara inanigusa. Mtu alikuwa ameyahisi maumivu ya mtunzi kwa vidole vyake mwenyewe, kwenye kampuni ya kubuni, huku mtunzi halisi akiwa upande wa pili wa kioo akiyaishi.

Greenheart ilipona. Habari yao ilienea duniani, na mwezi Agosti mwaka huohuo gemu iliingia Steam na kupata wanunuzi wake. Lakini tusijidanganye kwamba kila mdogo hupata bahati ya kuandikwa magazetini. Jungu kuu halikosi ukoko: kampuni yenye gemu ishirini sokoni ikiibiwa moja, itakwangua kwingine na kuendelea kuishi. Mwenye sufuria moja jikoni, ikimwagika, analala njaa, na gemu ya pili aliyokuwa akiiota haitazaliwa. Hasara hiyo haimo kwenye daftari lolote, maana hakuna anayeweza kuhesabu gemu ambazo hazikutengenezwa.

Kufuli lililomfungia mwenye nyumba nje

Kwa hofu ya hasara kama hiyo, kampuni nyingi zilikimbilia kufuli. Mwaka 2008 Electronic Arts ilitoa Spore, gemu iliyosubiriwa kwa miaka, ikiwa na ulinzi ulioruhusu kuisajili kwenye kompyuta tatu tu. Wanunuzi walihamaki, wakalijaza duka la Amazon malalamiko ya nyota moja. Gemu hiyohiyo ndiyo iliyoongoza kwa kupakuliwa kwa wizi mwaka ule. Nakala ya wizi haikuwa na mipaka ya kompyuta; aliyelipa ndiye aliyefungwa.

Mwaka 2010 Ubisoft ilikwenda mbali zaidi. Wachezaji wa Assassin's Creed II kwenye kompyuta walitakiwa kuunganishwa na intaneti muda wote, hata kama wanacheza peke yao. Mwezi Machi seva za kampuni hiyo zilishambuliwa zikazidiwa, na watu waliokuwa wamelipa bei kamili wakashindwa kufungua gemu yao. Miaka miwili baadaye kampuni ilitangaza kwamba imeuacha utaratibu huo.

Fikirieni masharti kama hayo kwetu, mahali ambapo umeme hukatika na kifurushi huisha katikati ya usiku. Kufuli la aina hiyo linamtaka mnunuzi halali awe na nyaya, mnara wa simu na mfuko wa nchi nyingine.

Silaani kila kufuli. Takwimu za Volckmann zinaonyesha kwamba kufuli linalodumu wiki chache lina kazi yake, na Insomniac walilitumia bila kumnyanyasa mnunuzi. Ila likishamaliza kazi yake, liondolewe, na kamwe lisimfanye aliyelipa aonewe kuliko aliyeiba.

Soko la kompyuta la Warsaw

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Poland.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, gemu halali katika nchi hiyo zilikuwa adimu, na hadi sheria mpya ya hakimiliki ya mwaka 1994 ilipotungwa, programu za kompyuta hazikuwa na ulinzi wa maana. Watu walikutana kwenye masoko ya kompyuta jijini Warsaw, wakanunua na kubadilishana nakala juu ya meza, mchana kweupe. Mmoja wa vijana waliokuwa wakiuza nakala hizo alikuwa mwanafunzi wa sekondari, Marcin Iwiński.

Mwaka 1994 yeye na mwenzake wa shule, Michał Kiciński, walianzisha kampuni kwa mtaji wa takriban dola 2,000, ndani ya chumba walichoazimwa na rafiki bila kodi. Waliiita CD Projekt. Waliagiza gemu halali kutoka nje na kuziuza katika nchi ambayo kila mtu alishazoea diski za sokoni.

Iwiński alikuwa na kitu ambacho wakubwa wa kampuni za Magharibi hawakuwa nacho: alikuwa amesimama nyuma ya ile meza, akawaona wateja. Alijua kwamba walikuwa wakitoa fedha. Kwa hiyo mwaka 1999, walipoiingiza sokoni Baldur's Gate, gemu kubwa ya hadithi iliyokuja kwenye diski tano, hawakuanza na polisi. Waliitafsiri yote kwa Kipolishi, wakawaita waigizaji mashuhuri wa nchi waingize sauti, kisha wakaifunga ndani ya boksi zito lenye ramani, kitabu cha kanuni na diski ya muziki. Diski tano zilikuwa zimepandisha hata gharama ya nakala ya wizi. Mteja aliyesimama kati ya diski tano tupu zilizoandikwa kwa kalamu, za Kiingereza, na boksi linalozungumza lugha ya mama yake, aliona mwenyewe thamani ya kuongeza fedha kidogo. Siku ya kwanza ziliondoka nakala 18,000. Katika nchi iliyosemwa kwamba watu wake hawanunui gemu, namba hiyo ilibadilisha maisha ya kampuni.

Kwa fedha za uuzaji walianza kutengeneza gemu yao wenyewe, The Witcher, iliyotoka 2007. Ya pili ilipotoka 2011, Iwiński alikadiria kwamba nakala milioni 4.5 ziliibwa, wakati zilizouzwa zilikuwa kama milioni 1. Alieleza pia jambo la kushangaza: nakala iliyosambazwa zaidi na maharamia ilikuwa ile ya dukani iliyokuwa na kufuli, likavunjwa, wala si ile isiyo na kufuli iliyouzwa kwenye duka lao la intaneti, GOG.

Hata wao waliteleza. Kampuni ilituma barua za mawakili kwa watu wa Ujerumani waliodhaniwa kuwa wamepakua kwa wizi, zikiwadai fidia. Wachezaji walilalamika kwamba asiye na hatia anaweza kutishwa pamoja na mwenye hatia, na mwezi Januari 2012 kampuni ikakubali na kuacha. Gemu ya tatu ilitoka 2015, ikauzwa kwenye GOG bila kufuli lolote tangu siku ya kwanza. Kufikia 2023 ilikuwa imepita nakala milioni 50.

Hakuna popote katika safari hiyo ambapo uharamia ulikwisha. Kilichobadilika ni kwamba njia ya kumlipa mtunzi ilifika pale watu walipokuwa wamesimama, kwa lugha yao, ikiwa na kitu ambacho muuza nakala hakuweza kukiiga.

Gemu zilizobadili umbo

Athari nyingine ya uharamia iko mikononi mwenu sasa hivi, ndani ya simu.

Mwaka 2012 kampuni ya Madfinger ya Jamhuri ya Cheki iliuza gemu ya simu iitwayo Dead Trigger kwa senti 99 za dola. Hata kwa bei hiyo, wizi kwenye simu za Android ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wakaamua kuitoa bure na kutegemea vitu vinavyouzwa ndani yake. Januari 2015 ustwo, watengenezaji wa Monument Valley, walieleza kwamba kati ya nakala zake zilizowekwa kwenye simu za Android, zilizolipiwa zilikuwa asilimia 5 tu. Kwenye simu za Apple zilikuwa asilimia 40. Wao pia walieleza kwamba si zote zilizobaki zilikuwa za wizi, kwa kuwa mtu mmoja huweza kuwa na vifaa viwili.

Wenye biashara walijifunza. Wakatengeneza gemu zinazokaa kwenye seva zao, ambazo unaingia bure na kuuziwa nguo, bunduki na masanduku ya bahati. Kitu kama hicho hakichomwi kwenye diski. Ndiyo maana Free Fire, PUBG Mobile na eFootball hazikuombi fedha mlangoni. Kwa mtoto asiye na kadi ya benki, hiyo ni neema. Lakini kuna tulichokipoteza. Gemu ya seva huwezi kuimiliki. Siku seva ikizimwa, imekwenda. Na gemu fupi yenye hadithi, yenye mwanzo na mwisho, inayoweza kutengenezwa na vijana wawili, inapata shida kuishi katika soko ambalo mteja amezoea kutolipa mlangoni. Uharamia haukufanya mabadiliko hayo peke yake, ila uliyasukuma kwa nguvu.

Kibanda ndani ya mnyororo

Sasa turudi nyumbani. Sheria tunazo: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na zote zinalinda programu za kompyuta. Pamoja na hayo, faili la gemu linaruka kutoka simu hadi simu kwa dakika chache, na mechi za PES, gemu ya kandanda ya Konami, za mashine ya zamani ya PSP zinachezwa kwenye simu kwa kutumia PPSSPP, programu inayoiga mashine hiyo, bila yeyote kujiuliza nakala imetoka wapi.

Kabla ya kumhukumu kijana huyo, tazameni mlango halali aliowekewa. Gemu mpya kubwa inaweza kuuzwa dola 70, fedha inayoweza kulipa kodi ya chumba uswahilini kwa miezi kadhaa. Inadai kadi ya benki. Inadai kupakua gigabaiti kadhaa, mara nyingine zaidi ya 100. Na haizungumzi Kiswahili. Mnunuzi wa Warsaw wa mwaka 1993 angejitambua katika hali hiyo.

Ila kuna mtu ambaye visingizio hivyo havimhusu, naye ndiye ninayemhofia: mtunzi wetu. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi, moja ya gemu za mwanzo za pande tatu kutoka eneo letu, yenye shujaa wa kike wa Kiafrika. Tangu hapo vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wameendelea kujifunza kazi hii, wengi usiku, baada ya ajira ya mchana. Wao hawana gemu ishirini sokoni, wala mwekezaji nyuma yao. Mtu anayeiba gemu ya kijana wa mtaa wa pili kwa sababu amezoea kuchukua za Konami hajui kwamba mkono uleule unaangukia kwenye jungu tofauti kabisa.

Nini kifanyike? Nina mapendekezo matatu, na yote yanatoka kwenye mifano niliyoieleza.

Kwanza, mtunzi auze kwa shilingi, kwa kiasi kidogo, na malipo yapite kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Hakuna sababu ya mtunzi wa Afrika Mashariki kumwomba mteja wake kadi ya benki. Atoe sehemu ya kwanza bure, ili anayeonja asihitaji kwenda kwa haramia. Na alipange hilo kabla ya siku ya kutoka, maana wiki ya kwanza ndiyo samaki wa alfajiri.

Pili, gemu izungumze Kiswahili, si maandishi pekee, bali sauti, majina, mitaa na utani. Boksi la Baldur's Gate lilishinda diski tupu kwa sababu ya lugha. Hicho ndicho kitu ambacho nakala ya kigeni ya wizi haina.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kibanda kiingizwe kwenye mnyororo wa malipo. Nchini Korea Kusini vijana wengi walikulia kwenye vyumba vya kompyuta viitwavyo PC bang, ndugu wa vibanda vyetu. Serikali na kampuni hazikuvifuta. Vyumba hivyo hulipa kampuni za gemu kwa saa ambazo wateja wamecheza, na kampuni huwapa wateja wa humo vitu ambavyo nyumbani hawavipati. Kati ya sarafu zinazowekwa mezani, sehemu inamfikia mtunzi. Mashirika yetu ya hakimiliki, watunzi na wenye vibanda wanaweza kukaa meza moja na kuandika leseni ndogo ya namna hiyo, ya kulipia kwa wiki kupitia simu.

Mwezi huu nimezungumza na vijana watatu wanaoendesha vibanda mtaani kwangu. Niliwauliza kama wangelipa leseni kwa gemu za watunzi wa hapa. Wawili walisema ndiyo. Wa tatu hakusema ndiyo wala hapana. Alipunguza sauti ya televisheni, akanitazama, akauliza: "Mzee, shilingi ngapi kwa wiki?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na nimetoka pale nikiona aibu, kwa sababu swali lile lilipaswa kuwa limejibiwa siku nyingi. Diski hii yenye neno WINNING inanikumbusha kwamba tulikuwa tayari kulipa tangu utotoni. Sarafu zetu zilikuwa mezani kabla mechi haijaanza. Vijana mnaosoma kutengeneza programu, wanasheria wa hakimiliki, na ninyi wenye maamuzi mlioketi mbele: yule kijana bado anasubiri bei. Twendeni tukamwandikie.